Hatuinywi, Lakini Tuisome

Neno mvinyo si la Kiarabu wala si la Kibantu. Ni la Mreno. Yeye husema vinho, nasi tukalivika kanzu ya ngeli zetu likawa mvinyo. Nalo halikuja peke yake. Lilifuatana na pipa la kuutilia, na kopo la kuunywea, na meza ya kuliwekea kopo hilo, yote matatu maneno ya Mreno. Hata gereza, ambalo kwetu ni mahali pa kufungia wakosaji, kwa Mreno lilikuwa ni kanisa. Mwenyewe alifukuzwa Mombasa mwaka 1698, maneno yake yakabaki, na leo ni Kiswahili safi, maana neno likishaolewa halirudi kwao.

Tena liko jambo ambalo watu hulisahau wapitapo chini ya kuta za Ngomeni. Ngome ile ilipoanza kujengwa mwaka 1593, mfalme aliyekuwa akiitawala Ureno hakuwa mwingine ila Philip wa Pili wa Uhispania, kwani tangu mwaka 1580 mpaka mwaka 1640 taji za nchi mbili zile zilikuwa juu ya kichwa kimoja. Basi msomaji akiniuliza Uhispania na Mvita wapi na wapi, jibu langu ni kumwambia ateremke Ngomeni akatazame.

Nayasema haya kwa sababu leo nataka kuzungumza juu ya divai nyekundu za Uhispania, na juu ya vyama vinavyowapelekea watu divai hizo mpaka mlangoni mwao. Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wamekwisha kunja uso. Niseme mapema tusije tukagombana bure: mimi nimesoma chuoni, bakora za maalim nimezila kwa kukosea tajwidi, na sina fatwa mpya ya kumletea mtu. Khamri ni haramu. Suratul Maida aya ya 90 imekwisha kata maneno, na hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili yake haikumwacha aikamuaye, wala aibebaye, wala aimiminaye, wala alaye thamani yake. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikusema kwamba kitu hicho hakina faida kabisa. Imekiri kwamba zimo faida kwa watu, kisha ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Na wanavyuoni wa tafsiri walipoulizwa faida hizo ni zipi, wengi walijibu kwamba miongoni mwazo ni biashara. Basi mimi leo naishika biashara, chupa naiacha palepale ilipo.

Aliyenitia katika habari hii ni kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyeajiriwa katika hoteli ya watalii upande wa pwani ya kusini. Ana mama yake mgonjwa na wadogo zake wanne wanaomtegemea. Alinijia barazani baada ya Isha, akaamkia, akakaa, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili bila ya kusema neno. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa ni tangazo lililosahauliwa mezani na mgeni mmoja Mzungu: jiunge na chama chetu, upate kasha la chupa 12 nyekundu za Uhispania kwa nusu ya bei, na baada ya hapo utaletewa kasha jingine kila miezi mitatu mpaka utakaposema basi.

"Ami," akaniambia, "kazini nimetakiwa niyajue majina kama haya kabla ya mwisho wa mwezi, na mimi sijui hata pa kuanzia. Lipi hapa jina la mtu, lipi jina la mji, na lipi jina la zabibu?"

Swali lake jingine, lile la kazi yake mbele ya Mola wake, hakulitamka, lakini nililiona machoni. Hilo nilimwambia alipeleke kwa shekhe, si kwa mwandishi wa gazeti. Nami naliacha kwa shekhe. Lakini swali la majina lilinishika. Nikaenda kusoma, na niliyoyapata yana faida kwetu kuliko nilivyotazamia.

Uhispania ina ardhi iliyopandwa mizabibu kupita nchi yoyote duniani, zaidi ya hekta 900,000. Lakini kwa miaka mingi divai nyingi iliyotoka huko iliuzwa bila ya jina. Ilitiwa katika mapipa, na baadaye katika malori ya tangi, ikaenda kuchanganywa na ya watu wengine ili kuipa ya hao wengine rangi na nguvu. Mkulima alilipwa kwa uzito, na habari yake ikaishia mizanini. Msomaji wa Pwani ashike maneno hayo, "aliyelipwa kwa uzito", maana nitayarudia.

Kwanza zabibu yenyewe. Ile kubwa ya nchi hiyo kwa nyekundu huitwa Tempranillo, jina litokalo katika neno lao la mapema, kwa kuwa huwahi kuiva kabla ya wenzake. Lakini jina hilo ni la upande mmoja tu. Ukienda Ribera del Duero huitwa Tinto Fino. Ukifika Toro huitwa Tinta de Toro. La Mancha ni Cencibel. Na Wakatalani wao huiita Ull de Llebre, yaani jicho la sungura. Zabibu ni ile ile. Yule kijana alipoyasikia haya alicheka akasema kumbe ni kama mtu wa Amu aitavyo mato, na wa Unguja akaita macho, na wote wanaangalia kwayo. Nilimwambia hakukosea, ila kuna jambo moja zaidi: mti mmoja ukipandwa katika udongo mbalimbali na baridi mbalimbali hautoi tunda moja. Kwa hivyo Wahispania wakaona kwamba jina la zabibu halitoshi kumweleza mnunuzi ananunua nini. Wakaandika jina la mahali.

Hapo ndipo ilipoanzia habari ya Rioja. Rioja iko kaskazini, kandokando ya mto Ebro, bonde ambalo sehemu yake ya juu katika karne ya 8 na ya 9 ilitawaliwa na Banu Qasi, ukoo wa Waislamu wa asili ya huko huko. Divai ya Rioja ilikuwa ya kunywewa nyumbani, haikujulikana mbali. Kisha katika miaka ya 1860 mdudu mdogo mfano wa chawa, jina lake filoksera, akaingia Ufaransa kutoka Amerika, akaanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yakafa moja baada ya jingine. Wafanyabiashara wa Bordeaux, mali ya kuuza hawana, wakavuka milima ya Pyrenees kutafuta, na walipofika Rioja wakaleta pamoja nao fedha, na ujuzi, na desturi yao ya kuilaza divai katika mapipa madogo ya mwaloni ya lita 225. Reli ilikwisha fika mji wa Haro, na nyumba za divai zikajengwa zimeiegemea stesheni. Moja wapo, López de Heredia, ilianza mwaka 1877 na mpaka leo imo mikononi mwa ukoo ule ule.

Mdudu naye alikuja Rioja, mwaka 1899. Lakini kufikia hapo dawa ilikuwa imepatikana: kuubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake imemzoea mdudu, kama wabebeshavyo miembe wakulima wetu. Rioja haikufa. Na mwaka 1925 ikawa ya kwanza katika Uhispania kutambuliwa rasmi kama jina la mahali lenye mipaka na kanuni. Maana yake ni kwamba huwezi kukamua zabibu za kwingine ukaandika Rioja juu ya chupa. Na ukiandika, uko msimamizi wa kukuuliza.

Kanuni hizo ndizo zilizomtatiza kijana wetu katika karatasi yake. Akiona "Crianza" juu ya nyekundu ya Rioja, ajue imekaa si chini ya miaka miwili kabla ya kuuzwa, na mmoja kati ya hiyo ni wa ndani ya pipa. "Reserva" ni miaka mitatu, mmoja wa pipa. "Gran Reserva" ni mitano, na miwili ya pipa. Si majina ya watu wala ya miji. Ni hesabu ya subira, na hesabu hiyo imeandikwa katika sheria, haikuachiwa ulimi wa muuzaji.

Tuiache Rioja, maana hiyo inajulikana. Kinachouzwa sana siku hizi katika matangazo ya vyama hivi ni ugunduzi: njoo ugundue divai mpya za Uhispania ambazo jirani yako hajazisikia. Na mfano mkubwa wa habari hiyo ni Priorat.

Priorat ni milima iliyoko Catalonia, nyuma ya mji wa Tarragona. Udongo wake kwa kweli si udongo, ni mawe ya bamba, meusi, yang'aayo juani, wenyewe huyaita llicorella. Mizizi hujipenyeza katikati ya bamba hizo kufuata maji chini kabisa, na mti mzee katika mahali kama hapo hutoa vichala vichache mno. Watawa wa Scala Dei walikaa huko tangu karne ya 12. Baada ya mdudu kupita, na baada ya viwanda vya mijini kuwaita vijana, vijiji vilibaki na wazee, na miteremko mingi ikarudi kuwa mwitu. Waliobaki walipeleka zabibu zao kwenye ushirika, zikapimwa, wakalipwa, basi.

Mwaka 1989 kundi la marafiki, miongoni mwao René Barbier na Álvaro Palacios, huyu wa pili akiwa kijana wa miaka 25 tu, walifika katika kijiji cha Gratallops wakatengeneza divai ya pamoja kutokana na mashamba yale ambayo wengine waliyakimbia. Watu waliwaona wana wazimu. Leo chupa ya shamba moja la Palacios liitwalo L'Ermita, ambayo mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya mwaka 1993, ni miongoni mwa ghali kabisa katika nchi ile. Mwaka 2000 serikali ya Catalonia iliipa Priorat cheo cha juu ambacho Rioja ilikipata mwaka 1991, na serikali kuu ikakithibitisha mwaka 2009. Ni hizo mbili tu zenye cheo hicho.

Ziko na nyingine ambazo nazitaja kwa kupita. Jumilla, kusini mashariki, nchi kavu ya zabibu ya Monastrell, ambako mdudu alichelewa mpaka mwaka 1989. Bierzo, kaskazini magharibi, kwenye njia ya mahujaji wa Kikristo waendao Santiago, na zabibu yake ni Mencía. Toro, ambako mchanga ulimzuia mdudu, na ipo mizabibu iliyomtangulia. Zote hizi zinaitwa mpya. Mpya kwa nani? Nasi Vasco da Gama alitugundua mwaka 1498, akatukuta Mombasa na Malindi tunauza na kununua na watu wa Gujarati na wa Hadhramaut. Mzee wa Gratallops hakungoja karatasi ya London kumweleza kwamba shamba la babu yake lipo. Alichokosa ni jina lake kufika kwa mnunuzi.

Na wala nisije nikafahamika vibaya kwamba faida ya jina la mahali imo katika kileo. Zabibu haina kosa. Husimuliwa kwamba Khalifa al-Hakam wa Pili wa Cordoba, aliyetawala kutoka mwaka 961 mpaka mwaka 976, alitaka mizabibu ya Jerez ing'olewe, akaombwa aihurumie kwa kuwa zabibu kavu ni chakula cha askari; na nyingi zikaachwa. Mpaka leo Uhispania wanachemsha maji ya zabibu mpaka yakawa mazito kama asali, nayo huiita arrope, ambalo ni neno letu la chuoni, ar-rubb. Katika milima ya Málaga bado wanaanika zabibu juani juu ya miteremko, nazo zina jina lao lililolindwa kama Rioja ilivyolindwa: Pasas de Málaga. Na zafarani, ambayo akina mama wa Pwani huinunua kwa kijiko kwa ajili ya biriani, iko ile ya La Mancha ambayo nayo imelindwa kwa jina la mahali pake, hata mtu asiweze kuchanganya takataka akaiita hivyo. Sheria ni ile ile moja. Kwa divai imetumika, na kwa tunda la halali imetumika vilevile.

Sasa vyama. Wanaodhani ni mambo ya juzi wanakosea. Mwaka 1874 palikuwa na maonyesho ya kimataifa mjini London, na katika vyumba vya chini vya jumba la Royal Albert Hall yakasahauliwa mapipa ya divai, mengi yake ya Ureno. Wakafanyiana watu karamu za mchana za kuyaonja, na katika karamu hizo kikazaliwa chama cha ushirika, The Wine Society. Kipo mpaka leo katika mji wa Stevenage, na mwanachama hununua hisa moja, akawa ni mwenye mali miongoni mwa wenye mali. Kisha mwaka 1973 gazeti la The Sunday Times likaanzisha chama chake pamoja na Tony Laithwaite, ambaye tangu mwaka 1969 alikuwa akichukua divai kwa wakulima wa pande za Bordeaux na kuileta Uingereza kwa gari lake mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1973 Uhispania nayo ikapata chama chake, Vinoselección. Naona ajabu, mimi mtu wa gazeti, kwamba gazeti la habari liliweza kuwa mlango wa mkulima kumfikia mnunuzi. Sisi magazeti yetu huandika habari ya mkulima siku ya mafuriko.

Na mwaka 2008, katika mji wa Norwich, ikaanza kampuni ya Naked Wines, ambayo wanachama wake huweka fedha kila mwezi, na fedha hizo hutumiwa kuwagharimia watengenezaji wadogo kabla ya divai kuwa tayari. Mwanachama naye akanunua kwa bei nafuu. Wanachama hao huitwa malaika. Astaghfirullah, Mzungu hana mpaka katika kuita majina! Lakini uache upuuzi wa jina, utazame mwendo wenyewe wa fedha. Mnunuzi anatoa kwanza. Mkulima anapata cha kununulia mapipa na cha kulipa wavunaji. Mali inakuja baadaye.

Hapo ndipo nilipoliweka gazeti chini nikamkumbuka maalim wangu, Mola amrehemu. Maana tuliyasoma haya. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla hazijapatikana. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti tu: atakayefanya hivyo, kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Ndiyo biashara ya salam, na katika fiqhi ya Imam Shafi ina mlango wake kamili; kila aliyesoma chuo cha maana ameupita, ijapokuwa wengi tuliupita mbio ili tufike kwenye mlango wa nikaha. Fedha hutolewa zote katika kikao kile kile cha mapatano. Kinachonunuliwa huelezwa sifa zake mpaka pasibaki ugomvi. Mkulima hupata mtaji bila ya riba, na mnunuzi hupata bei nafuu kwa kuwa ametangulia kutoa. Lau si kwamba kilichomo ndani ya chupa ni haramu, na cha haramu hakina salam, ningesema Mzungu ameokota mtaani kitu tulichokidondosha sisi.

Ila hakukiokota chote. Yale masharti aliyaacha chini. Tazama tena karatasi ya yule kijana. Chupa 12, lakini zipi? Tutakuchagulia. Kasha lijalo lina nini? Utaona likifika. Wao huo ndio utamu wa ugunduzi. Katika vitabu vyetu hiyo ni gharar, biashara ya kitu kisichojulikana, na ingekuwa ndani ya kasha mna tende tupu na asali, bado ingekuwa na kasoro. Na muda je? Kila miezi mitatu, mpaka utakaposema basi. Huo si muda, ni kutokuwa na muda. Nusu ya bei ya kasha la kwanza ni chambo. Kampuni inajua kwamba wengi watasahau kusema basi, na kusahau kwao kumo katika hesabu zake. Kujiunga ni kugusa kidole mara moja. Kutoka ni kutafuta simu ambayo haipokelewi. Jambo hili si la divai peke yake. Marekani shirika la serikali linaloangalia haki za wanunuzi, Federal Trade Commission, lilitangaza kanuni mwezi wa Oktoba 2024 kwamba kutoka katika usajili wa namna hii, wa kitu chochote, kuwe kwepesi kama kuingia. Mahakama ya rufani ikaifuta kanuni hiyo Julai 2025. Maalim wangu angewapa jawabu kwa jumla moja.

Kwa hivyo mimi sisemi chama cha kila mwezi ni kizuri, wala sisemi ni kibaya. Nasema kina mguu mmoja mzima na mmoja mbovu. Mzima ni kutangulia kumlipa mkulima na kulitaja shamba lake. Mbovu ni kumficha mnunuzi anachokinunua na kumfungia mlango wa kutokea.

Sasa twende Kilifi, na twende Kwale, msimu wa korosho. Nimekwenda, nimeona. Mkulima ana mikorosho aliyoachiwa na babu yake. Anaijua mmoja mmoja. Atakwambia huu hapa kando ya kisima korosho zake ni nene, na ule wa mwinuko ni ndogo lakini tamu. Inapofika Januari ada za shule zinagonga mlango. Au zimegonga mapema zaidi, mikorosho ingali na maua. Anakuja mchuuzi, anautazama mti, anataja fedha, na mkulima anauza maua. Mvua ikiharibu, mchuuzi amepata hasara na atamkumbusha mwaka wa pili. Mti ukizaa sana, mkulima anakaa kibarazani kwake akitazama mali ikitoka kwa magunia. Haya ndiyo hasa tuliyokatazwa. Tunda la mti maalumu haliuzwi kabla halijaonekana kupevuka, na hadithi yake ni mashuhuri. Tulichoruhusiwa ni salam: kilo kadhaa za korosho za sifa kadhaa, siku fulani, popote zitakapotoka. Tofauti ni nyembamba kwa mtu asiyeisikiliza, na kwa mkulima ni tofauti ya kulala na deni na kulala bila deni.

Na baada ya hapo korosho zile huenda wapi? Kiwanda cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilifungwa miaka ya 1990. Zinakwenda kwa uzito, kama zilivyokwenda zabibu za Gratallops. Dukani Mombasa utaziona katika mfuko wa plastiki ulioandikwa "korosho" na mwisho. Hakuna kijiji, hakuna mwaka, hakuna jina la mtu wala la mwinuko ule wenye korosho tamu. Halafu twalalamika kwamba mgeni hatulipi vizuri. Atalipia nini, naye hakuelezwa?

Yule kijana wa hoteli, ambaye sasa anayajua majina ya Uhispania kunishinda, aliniuliza swali ambalo bado ninalo. Alisema wageni wake humwuliza chupa hii imetoka kijiji gani, naye huwajibu. Kisha hula korosho zilizowekwa mezani kama tambi, kikombe baada ya kikombe, na hajapata mtu hata mmoja kumwuliza zimetoka wapi. "Na wakiniuliza, ami," akasema, "mimi mwenyewe sijui."

Basi pendekezo langu ni dogo na si la serikali. Wapatikane watu hamsini wa mjini, wenye mishahara, kila mmoja alipe kabla ya msimu thamani ya kilo tano za korosho zilizobanguliwa, zote kwa mara moja. Walipwe wakulima wa kijiji kimoja kupitia ushirika wao, mbele ya mashahidi wawili na karatasi iliyoandikwa kipimo, sifa na siku. Daraja la korosho lielezwe: nzima kiasi gani, vipande kiasi gani, ukavu wake vipi. Siku ikifika mali iletwe katika mfuko wenye jina la kijiji na mwaka wa mavuno. Na mkataba ukome siku hiyo hiyo. Atakaye wa mwaka ujao aje mwenyewe kwa miguu yake. Ada za shule za Januari zitakuwa zimelipwa, na maua yatakuwa yamebaki mtini.

Nimekwisha mwomba mhariri wangu nafasi katika ukurasa huu, bure, ya kuchapisha jina la kijiji kitakachotangulia na majina ya wakulima wake, kama gazeti la London lilivyofanya mwaka 1973 kwa watu wa Bordeaux. Mhariri hajanijibu. Wasomaji walio tayari kuwa katika hao hamsini wamwandikie yeye.